Ubalozi Una Mhuri, Hauna Mkoba

Mtu wa Elerai, Arusha, akikwama Muscat, Oman, habari zake hufika Elerai kabla hazijafika ubalozini. Huja kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, mara nyingi usiku, umerekodiwa jikoni au chooni ambako bosi hasikii: mshahara una miezi haujatoka, pasipoti imeshikwa, madamu amesema nauli ya kurudi ajitafutie mwenyewe. Kufikia asubuhi ujumbe umeshamfikia shangazi, mama mkubwa na mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA. Ukoo unaanza kuchangishana. Asiye na cha kutoa anakwenda kukopa, na mikopo iliyo karibu zaidi na watu wa kipato kidogo siku hizi ni ile ya kausha damu, jina ambalo wateja wenyewe ndio walioitungia.

Katika mlolongo wote huo ubalozi hutajwa mwisho. Anayeutaja huwa ni mmoja tu, yule mwenye mazoea ya ofisi za serikali, naye hukatishwa kwa swali: una namba yao?

Elerai ni Arusha ya kawaida. Ina nyumba za kupanga, mafundi, wauza mitumba na vijana wanaohesabu mwaka kwa misimu ya watalii. Mwaka 2020 watalii walioingia nchini walishuka hadi kama 620,000 kutoka takriban milioni 1.5 mwaka uliotangulia, na jiji lililozoea kuishi kwa mifuko ya wageni likabaki na magari ya safari yameegeshwa. Waliokuwa na ndugu Ghuba waliwatazamia wao. Ndugu hao nao walikuwa wamefungiwa katika nyumba za waajiri, wengine bila mshahara. Hali ngumu ya uchumi haina adabu ya kubana upande mmoja ili upande wa pili uokoe. Inabana huku na kule kwa wakati mmoja, na hapo ndipo inapofaa kuuliza ile ofisi yenye bendera yetu ugenini imewekwa kwa ajili ya nini, mbali na keki ya tarehe 9 Desemba.

Kuna jambo ambalo maofisa wa ubalozi wanalijua na wananchi hawaambiwi waziwazi. Mkataba wa Vienna kuhusu Mahusiano ya Kikonseli, wa mwaka 1963, umeorodhesha kazi za konseli katika kifungu cha 5: kulinda maslahi ya nchi yake na raia wake, kutoa pasipoti na hati za safari, kuandikisha matukio ya kiraia, kuthibitisha nyaraka, kuwasaidia raia wenye shida. Kifungu cha 36 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kutaka konseli wa nchi yake ajulishwe. Orodha ni ndefu na ya heshima, ila fedha haimo. Mkataba ule ni mazungumzo ya serikali na serikali. Unaitaka nchi mwenyeji imwache konseli afanye kazi yake, lakini konseli anadaiwa nini na raia wake mwenyewe ni habari ambayo kila nchi inajipangia nyumbani.

Nchi tajiri nazo zimejipangia kwa mkono mgumu. Ujerumani ina sheria ya kikonseli ya mwaka 1974 inayoruhusu raia aliyeishiwa asaidiwe, kisha gharama azirudishe. Mmarekani aliyekwama ugenini anaweza kukopeshwa nauli na ubalozi wake. Anatia saini hati ya deni, na mpaka alipe pasipoti yake inawekewa vizuizi. Kwa hiyo anayedhani wenzetu wakiishiwa wanaingia ubalozini na kutoka na bahasha, amewasifu bure.

Alicho nacho konseli, tajiri kwa maskini, ni mhuri. Watu huudharau kwa sababu wameuona ukitumika kuwazungusha, lakini katika nchi za Ghuba mhuri una thamani inayohesabika. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Desemba 2024, Falme za Kiarabu zilitangaza msamaha kwa wageni ambao viza zao zimekwisha: rekebisha karatasi zako au ondoka, na faini inafutwa. Faini ya kukaa bila viza kule ni dirham 50 kwa siku. Kwa mwaka mmoja ni dirham 18,250, karibu dola 5,000. Mfanyakazi wa ndani aliyetoroka kwa bosi miaka miwili kabla yake angeweza kuwa na deni ambalo asingelimaliza maishani, na msamaha huo kwake ulikuwa kama kupewa hizo dola mkononi. Sharti lake lilikuwa kuwa na hati ya kusafiria. Pasipoti ilibaki kwa bosi. Ofisi pekee duniani inayoweza kumpa hati ya dharura ya safari akiwa palepale Dubai ni ubalozi mdogo wa nchi yake. Karatasi hiyo, ikitoka kwa wakati, ni msaada mkubwa kuliko mchango wowote ambao Elerai ingeweza kukusanya. Ikichelewa, msamaha umepita na faini imeendelea kuhesabu.

Tanzania imewahi kuutumia mhuri kwa kusudi kubwa zaidi. Kuanzia 2011 balozi zetu katika nchi za Ghuba zilitaka mikataba ya wafanyakazi wa ndani ipitie kwao, mwajiri atie saini mbele ya ubalozi, na kiwango cha chini cha mshahara kijulikane. Wazo lilikuwa zuri, kwa sababu mkataba unaothibitishwa kabla ya safari ndiyo silaha ya pekee utakayokuwa nayo mshahara ukikatwa. Shida ni kwamba mwajiri aliweza kupata viza bila kukanyaga ubalozini. Mlango wa mbele ukafungwa kwa komeo na wa nyuma ukaachwa na pazia. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2017, iliyowahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza pasipoti zilizoshikwa, mishahara iliyokatwa au kutolipwa kabisa, na siku za kazi zilizofika saa 15 hadi 21. Nyuma ya yote ulikuwa mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja: akiondoka bila ruhusa, yeye ndiye mkosaji. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani. Konseli anayepiga simu kudai mshahara katika mazingira hayo anaomba fadhila kwa sauti ya kudai haki.

Kwa mtu wa Arusha mlango wa nyuma hauko hata mbali. Namanga ni kilomita kama 110, na ng'ambo yake kuna Nairobi na uwanja wake wa ndege. Wakala akiona Dar es Salaam pana maswali mengi, anageuza gari kaskazini. Msichana aliyeondoka kwa njia hiyo hayumo katika daftari lolote la Tanzania. Hapo ndipo ninapowaonea huruma maofisa wetu wa Muscat, jambo ambalo halinitokei mara kwa mara. Balozi wa nyumba kumi pale mtaani anajua nani amefiwa, nani ana mgeni na nani hajaonekana tangu Jumatatu. Yule wa Muscat amepewa nyumba elfu nyingi, kila moja ina geti, na hakuna anayemletea orodha.

Kama kuna mahali palipoonyesha nini hutokea uchumi unapoanguka na ofisi ya kikonseli ikiwa jina tu, ni Beirut. Lira ya Lebanon ilikaa miaka mingi kwenye bei ya 1,500 hivi kwa dola moja. Kuanzia mwishoni mwa 2019 ikaporomoka, dola zikaadimika, na familia zilizozoea kulipa watumishi kwa dola zikaacha kulipa. Likafuata zuio la korona. Juni 2020 waajiri wakaanza kuwapakia wafanyakazi wa Kiethiopia kwenye magari na kuwashusha mbele ya ubalozi mdogo wa Ethiopia, na mabegi yao, bila pasipoti wala malimbikizo ya mishahara. Wanawake walilala barabarani nje ya geti. Agosti 4 bandari ikalipuka.

Wakenya walikuwa na hali ya aina yake. Kenya haikuwa na ubalozi Lebanon; anayehusika alikuwa balozi aliyekaa Kuwait, na pale Beirut palikuwa na konseli wa heshima, raia wa Lebanon. Konseli wa heshima halipwi mshahara kama ofisa wa serikali. Kwa kawaida ni mfanyabiashara anayependa kuwa na bendera mlangoni, na kwa kazi za biashara na mihuri ya hapa na pale mpango huo unatosha. Hautoshi pale mamia ya watu wasio na mishahara wanapobisha hodi siku moja. Mwaka 2020 shirika la habari la CNN lilitangaza tuhuma za wanawake wa Kenya kwamba ofisi ile iliwatoza fedha zisizo halali na kuwatendea vibaya, tuhuma ambazo ofisi ilizikana. Agosti mwaka huo wanawake walipiga kambi nje ya ofisi hiyo wakidai kurudishwa kwao, na Januari 2022 wengine walikuwa wamerudi palepale na madai yaleyale. Wengi wa waliopata tiketi katika kipindi kile walizipata kwa michango ya watu wa kujitolea, wakiwamo wafanyakazi wa ndani wenzao. Kwa maneno mengine, VICOBA vya Beirut vilifanya kazi ya wizara.

Somo jingine halihitaji viza. Ukitoka Elerai ukashika barabara ya Moshi, ukipita mjini na kuendelea kilomita chache, unafika Tengeru, karibu na ziwa Duluti. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Watu hao walikuwa raia wa Poland waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti kwenda Siberia na Asia ya Kati mwaka 1940 na 1941, wakaachiliwa, wakatoka kupitia Iran mwaka 1942, na Waingereza wakawatawanya katika makoloni yao ya Afrika. Tanganyika walikaa Tengeru, Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Tengeru ndiyo ilikuwa kambi kubwa kuliko zote, watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijenga kanisa, shule, karakana na shamba, chini ya mlima Meru, wakisubiri vita viishe warudi kwao.

Walikuwa na serikali, iliyokuwa uhamishoni London. Serikali hiyo ilikuwa na konseli wake Nairobi. Kwa miaka mitatu mama mjane wa Tengeru, aliyepoteza nyumba na mume, alikuwa na jambo moja ambalo wakimbizi wengi wa leo hawana: ofisi ya kumwandikia barua, inayomtambua kwa jina na inayolazimika kujibu. Julai 1945 Uingereza na Marekani ziliitambua serikali mpya ya Warsaw na kuacha kuitambua ile ya London. Hakuna risasi iliyopigwa Tengeru, hakuna aliyehama kibanda. Ila asubuhi moja konseli wao hakuwa konseli tena, na vitambulisho vyao vilitoka kwa serikali isiyokuwapo. Serikali mpya iliwataka warudi. Wengi walitoka sehemu za mashariki ambazo sasa zilikuwa za Wasovieti, wale wale waliowapeleka Siberia, wakakataa. Kuanzia 1947 mzigo wao ukabebwa na Shirika la Kimataifa la Wakimbizi, IRO, na mmoja mmoja wakaondoka kwenda Uingereza, Kanada na Australia, mpaka kambi ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wachache sana walibaki. Wa mwisho alifariki 2015 na kuzikwa palepale.

Makaburi yale yapo 149 hivi na yanatunzwa vizuri, kwa msaada wa serikali ya Poland kupitia ubalozi wake. Nimefikiri mara nyingi kwamba hao ndio raia rahisi zaidi kuhudumiwa: hawapigi simu usiku.

Mlima huohuo, miaka hiyohiyo, uliwaona watu wengine wasio na konseli. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Hawakuwa wahamiaji; walikuwa kwao. Lakini mbele ya dunia hawakuwa na ofisi ya kuwasemea, kwa hiyo wakachangishana, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, ambako mwaka 1952 alizungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa ardhi kwa safari ile. Ila walielewa mapema kuliko wizara nyingi kwamba fedha ya mchango wa watu maskini, ikielekezwa kwenye meza ya maamuzi, hufika mbali kuliko ikiliwa na nauli.

Hapo ndipo Wafilipino wanapoingia. Machi 1995 Singapore ilimnyonga mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino, Flor Contemplacion, kwa kosa la mauaji. Nchini kwake watu waliamini serikali ilimtetea kwa ulegevu, hasira ikamwagika barabarani, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya wafanyakazi walio ng'ambo. Msingi wa fedha ulikuwapo tangu 1977: mfuko wa ustawi ambao leo huitwa OWWA. Kwa kila mkataba unachangiwa dola 25. Dola 25 ni kitu kidogo, lakini Wafilipino walio ng'ambo ni mamilioni. Mfuko huo unagharamia tiketi za kurudi, nyumba za hifadhi kwa waliotoroka waajiri na bima ya kifo, na kila mji wenye Wafilipino wengi una ofisa wa kazi aliyetumwa kukaa huko kwa shughuli hiyo tu. Dunia ilipofungwa mwaka 2020, serikali iliwapa wafanyakazi wa ng'ambo waliopoteza kipato dola 200 kila mmoja, kupitia ofisi hizohizo. Sijui nchi nyingi zilizoweza kumpa mfanyakazi wa ndani pesa taslimu akiwa Riyadh au Doha.

Nisiwapambe kupita kiasi. Wanawake wa Kifilipino bado wanapigwa, bado wanadhulumiwa, na mchango ambao mwajiri alitakiwa kuulipa mara nyingi humshukia mfanyakazi kwa njia za chini chini. Tofauti yao na sisi ni ndogo na nzito: shida ikitokea, fedha imeshakusanywa na jina limeshaandikwa. Hakuna anayeulizwa una namba yao.

Mexico nayo ilichagua kitu kingine. Ina ofisi za kikonseli zaidi ya 50 ndani ya Marekani, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kitambulisho zinachotoa kilianza kukubaliwa na benki, hata kwa mtu asiye na kibali. Maana yake ni kwamba kibarua asiye na karatasi aliacha kuficha akiba chini ya godoro na kulipa makato ya kikatili kila alipotuma pesa nyumbani. Tangu 2003 ofisi hizo zina dawati la afya, ambako mtu aliyekuja kwa pasipoti anapimwa sukari akiwa kwenye foleni. Foleni ya ubalozi ipo kila mahali duniani. Mexico ndiyo iliyogundua kwamba inaweza kufanyiwa kazi.

Turudi kwetu. Tanzania si kwamba haijafanya lolote. Wizara ya Mambo ya Nje ina idara ya diaspora tangu 2010. Kuna ubalozi mdogo Dubai na Mombasa, na katika miaka ya karibuni Lubumbashi, ambako madereva wa malori yetu wamekuwa wakipata taabu kwa muda mrefu, na Guangzhou, waliko wafanyabiashara. Mei 2020 ndege ya Air Tanzania ilikwenda Mumbai kuwachukua Watanzania waliokwama. NSSF iliwahi kuwa na mpango kwa Watanzania wa ng'ambo, WESTADI, ambao pamoja na mengine uligharamia kusafirisha mwili wa mwanachama aliyefariki. Msiba ndiyo gharama inayozifilisi jumuiya za Watanzania ugenini kuliko zote, na kila aliyewahi kuwa katika kundi la WhatsApp la Watanzania wa mji fulani wa Marekani anajua namna picha ya marehemu inavyofuatana na namba ya akaunti.

Lakini sikiliza hotuba zinazohusu diaspora. Ni habari za mitaji, nyumba za kununua Kigamboni, hati fungani, hadhi maalum. Mwanadiaspora wa hotuba anavaa suti na anafikiria kuwekeza. Msichana wa Elerai anayepika kwa watu Muscat hayumo katika hotuba hiyo, ingawa dola zake zinaingia katika hesabu za Benki Kuu bila kuulizwa zimevaa nini. Kenya mwaka 2024 ilipokea karibu dola bilioni 4.9 kutoka kwa watu wake walio nje, na tangu 2022 ina idara nzima ya serikali kwa ajili yao. Nayo Kenya, kama tulivyoona Beirut, ilichelewa kujua kwamba pesa hizo zina watu. Serikali inayompenda mtu wakati anatuma na kumsahau wakati anaomba ina tabia ya mkwe fulani ambaye kila ukoo unamfahamu.

Upande wa pili wa jambo hili uko hapahapa. Arusha ni jiji la makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na itifaki ya soko la pamoja imeanza kazi tangu Julai 2010. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo saluni, ufundi wa simu, uwakala wa fedha kwa simu na kuongoza watalii. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa kibali. Nairobi ililalamika. Wafanyabiashara wadogo wa hapa walishangilia, na wana sababu zao: msimu mbaya ukija kila mteja anayekwenda kwa jirani anaonekana. Mkenya mwenye kiti cha kunyolea katika mtaa wa Arusha hawezi kusaidiwa na ubalozi wake kwa kugawiwa unga. Anachohitaji ni ofisa anayemweleza amri inasema nini na haisemi nini, anayejua kibali chake kina muda gani, na anayepeleka hoja ya soko la pamoja kwenye meza iliyo kilomita chache kutoka dukani kwake. Hiyo ni kazi ya kikonseli kwa ukamilifu wake, na haina senti ndani yake.

Kuna wanaopita bila hata kusimama. Barabara ya Namanga ni moja ya njia za vijana wa Kiethiopia wanaoelekea Afrika Kusini, wakikimbia ukosefu wa ajira, na wengi huishia magerezani mwetu kwa kosa la kuingia nchini isivyo halali. Januari 2021 Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alipomtembelea Rais Magufuli Chato, ilitangazwa kwamba Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani wataachiliwa warudi kwao. Ilihitajika ziara ya rais. Kazi ya kumtambua mfungwa ni raia wa nani na kumtolea hati ya safari ni ya ofisa wa kawaida wa kikonseli, kila siku ya wiki. Mpaka ifike 1,789, ina maana imelala miaka.

Kwa hiyo nikiulizwa na ofisi ya kata ya Elerai nini kifanyike, jibu langu halianzii Muscat. Linaanzia kwenye ile meza ambako mwombaji wa pasipoti huja kutafuta barua ya utambulisho. Pale pangeweza kubaki nakala ya mkataba, jina la wakala, jina la mwajiri na namba ya ndugu wa karibu, na vikapelekwa wizarani kabla ndege haijapaa. Hili halihitaji sheria mpya. Sheria ya kukuza huduma za ajira ipo tangu 1999, na mawakala wanatakiwa kuwa na leseni. Kinachohitaji sheria ni mfuko: mchango mdogo kwa kila mkataba, unaolipwa na mwajiri kupitia wakala, unaosimamiwa mahali ambapo haugeuki posho za semina, na unaotumika kwa tiketi, hifadhi na wakili.

Nimelizungumza wazo hili na watu wa pande zote. Wazazi wanauliza kwa nini halipo tayari. Maofisa wanasema ni zuri, linahitaji mchakato. Wakala mmoja ndiye aliyenijibu kwa uwazi: akilazimika kuandika majina ya waajiri na kuchangia kila kichwa, atapeleka watu kwa kupitia Nairobi. Nilimuuliza kama sasa hivi hawapeleki kwa kupitia Nairobi. Alicheka, akaniambia nimnunulie soda.